Lenzi yako haijanyeshewa, fangasi katoka wapi?

Wapiga picha wa harusi wengi hapa Unguja na hata Dar wanapumzika Ramadhani, kamera inaingia kwenye begi, zipu inafungwa, begi linapandishwa juu ya kabati mpaka harusi za Mfunguo Mosi zianze. Na miaka hii Ramadhani imekuwa ikikaribiana na masika, sasa hapo ndo sisi mafundi tunaanza kupokea lenzi zenye fangasi, na karibu kila mteja anasema hivyohivyo, "mbona haijawahi kunyeshewa?"

Jamani, si lazima inyeshewe. Hewa yetu ya pwani inatosha. Unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 60 na ukakaa hapo siku nyingi fangasi anaota, na masika huku unapita 80 kirahisi tu. Ongeza giza na hewa isiyotembea, ndo begi lenyewe hilo, sponji yake inafyonza unyevu na kuushikilia, vumbi na mafuta ya vidole yaliyobaki kwenye kioo ndo chakula chake. Begi ni la kubebea, sio la kuhifadhia. Na zile kava za ngozi ndo mbaya zaidi.

Kagua leo. Vua lenzi, zima taa, mulika na tochi ya simu kwa nyuma huku unaangalia kwa mbele na unaigeuza taratibu. Kama ni ya zamani yenye ringi ya apacha (ile ya kupanua na kubana tundu la mwanga) zungusha mpaka namba ndogo kabisa. Vidoti vidogo ni vumbi, achana navyo. Ukiona vinyuzi vyeupe vyembamba vinatawanyika kama mizizi, mara nyingi vinaanzia pembeni mwa kioo, huyo ni fangasi, itenge na lenzi nyingine.

Kuhifadhi sio gharama kubwa. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye raba kwenye mfuniko, weka silika jeli (zile punje zinazofyonza unyevu) ya kutosha na kipima unyevu kidogo cha dijitali, lenga 40 mpaka 50, usishushe chini ya 30 maana grisi na raba nazo zinakauka. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kama masaa mawili, ipoe ndo uirudishe. Ile ya bluu inayogeuka pinki ina kobalti, tafadhali usiiingize kwenye oveni ya kupikia. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu vinakuwa vimeshashiba zamani, na mchele usiweke kabisa, unaacha unga unga.

Pia ukitoka kwenye chumba cha AC kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto, la sivyo kioo kinatoka jasho hapohapo.

Ikishaingia fangasi usifungue mwenyewe, vioo vya ndani vikihama kidogo tu picha haikai tena kwenye fokasi. Sisi tunafungua, tunasafisha na kupanga upya, lakini fangasi anatoa asidi inayokula koti la kioo (ule utando mwembamba uliopakwa juu yake), kwahiyo akikaa muda mrefu tunamtoa yeye ila alama inabaki. Tunakuonyesha hali yake kwanza, na kama haitafaa kutengeneza tunakwambia kabla hujalipa chochote.