Risala ya Wapigapicha wa Mbinu za Kale kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu, wanafunzi na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, ulipotupa mkono pale mlangoni bila shaka uliona vidole vyetu vilivyo vyeusi. Tulinawa. Ni nitrati ya fedha. Ikishika ngozi na kupigwa na mwanga, sabuni haiiwezi, hadi ngozi yenyewe ibambuke. Kwetu hiyo ndiyo sare.

Sisi ni wasanii tunaopiga na kufundisha picha kwa mbinu za karne ya 19. Anayeanza tunampa sayanotaipu, aliyoibuni John Herschel mwaka 1842: karatasi iliyopakwa dawa zenye chuma, jani juu yake, jua, kisha maji ya kuoshea, na picha ya buluu inabaki. Mwaka 1843 Anna Atkins alianza kutoa kitabu chake cha picha za mwani kwa njia hiyohiyo, bila kamera.

Aliyekomaa huingia kwenye kolodioni, mbinu ya picha juu ya kioo ya Frederick Scott Archer, 1851. Hapo ndipo penye kazi. Unamimina dawa nzito katikati ya kioo, unakiinamisha itambae kona hadi kona, na kwenye kona ya nne, dawa iliyozidi inarudi chupani. Unakizamisha kwenye nitrati ya fedha, kisha ni mbio: kupiga, kurudi chumba cha giza, kusafisha picha, yote kabla hakijakauka. Mwanafunzi wetu mmoja aliharibu vioo kumi na kimoja, akataka kuacha. Cha kumi na mbili kilitoka na uso wa bibi yake, hadi mikunjo ya kope.

Changamoto kubwa ni moja, nyingine tunazimudu. Kolodioni ina etha, inayoshika moto upesi, nasi tunafanyia kazi stoo isiyo na dirisha. Ndiyo maana mbinu ya dagerotaipu ya 1839, ambayo picha yake husafishwa kwa mvuke wa zebaki wenye sumu, tunaieleza kwa maneno tu.

Ombi letu ni chumba chenye bomba la maji na feni ya kutoa hewa nje, tena feni isiyotoa cheche. Taa nyekundu ya chumba cha giza tunayo.

Kwa sasa, Mheshimiwa, kamera imesimama pale uwanjani. Utakaa bila kutikisika kwa sekunde sita. Kiti kina egemeo la kichwa.

Tunaomba kuwasilisha.