Red oksaidi si ndo kutu yenyewe? Ngoja tueleze

Juzi kuna mteja kaleta geti tulipake upya, akasoma kwenye kopo la praima (rangi ya kwanza ya chini) "red oksaidi", akashtuka: sasa si ndo mnanipaka kutu juu ya geti langu?

Tulicheka ila swali lake ni la maana kweli, kwa sababu ule wekundu ni oksaidi ya chuma, ndugu wa damu na kutu. Tofauti ni kwamba ile imeshaoksidika, haina tena cha kupoteza, halafu imeshikwa ndani ya rangi inayokaa kati ya chuma na hewa.

Oksidesheni, shuleni tuliiita pia uoksidishaji, ni kitu kupoteza elektroni (vile vichembe vya chaji hasi ndani ya atomu), basi. Jina limetokana na oksijeni lakini si lazima iwepo, hata klorini inazichukua vilevile (ndo maana tunawaomba msifute stenlesi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, itatoboka vitundu).

Kwa hiyo kutu ni oksidesheni ila si kila oksidesheni ni kutu. Kutu ni ya chuma, na inataka oksijeni na maji vyote viwili, ikipata na chumvi ndo inakimbia. Alumini nayo inaoksidika, tena fasta, ila ganda lake jembamba linang'ang'ania na kuziba kwa hiyo inajilinda yenyewe. Kutu haizibi, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula so inavimba, inabanduka, chuma cha chini kinabaki uchi na kinaanza kuliwa upya, na ukiwa umepaka rangi juu yake rangi nayo inaondoka na magamba. Hapo ndo mjue kwa nini tunakaa na msasa na brashi ya waya muda mrefu kuliko tunavyokaa na rangi, hatuvuti muda jamani.

Bomba la gavanaizi lina zinki juu, na zinki inakubali kuliwa badala ya chuma hata pakikwaruzwa. Shida ni kuchomelea, moto unaunguza zinki pale kwenye maungio, fundi asiporudishia rangi ya zinki hapo, kutu itaanzia hapohapo. Kwa hiyo mkiona doa la kahawia kwenye maungio tuiteni mapema, likishavimba kupaka hakusaidii, tutakata kipande.