Kwa nini hatuchomeki grinda ya zamani siku unapoileta

Grinda nyingi za mezani zinazofika karakanani kwetu hapa Kigoma zimelala miaka mingi. Nyingine zilikuwa stoo ya fundi mashua Kibirizi, nyingine kwenye kona ya karakana ya misheni, nyingine zimenunuliwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu. Mteja anayeileta huwa na hamu moja tu: aisikie ikizunguka. Sisi hatuichomeki. Hata kama una uhakika kwamba ilikuwa nzima ilipowekwa, haigusi soketi mpaka tumeona rangi za waya, tumepima koili (nyaya zilizosukwa ndani ya mota) na tumelivua jiwe. Mashine hizi zilitengenezwa kwa chuma kizito na koili nene, na nyingi zina uwezo wa kufanya kazi miaka mingine mingi. Dakika ya kwanza ya kujaribiwa ndiyo inayoziua, au inayomuumiza anayezijaribu.

Tuanze na waya, maana hapo pana hatari ambayo hata mafundi umeme wazuri huiparamia. Grinda ya Uingereza ya zamani ina waya mwekundu wa moto, mweusi wa nyutro na wa kijani wa ethi. Hiyo haina shida, fundi wa hapa anazijua rangi hizo. Ya Marekani ina mweusi wa moto, mweupe wa nyutro na wa kijani wa ethi. Ukiifunga kwa mazoea ya Kiingereza, mweusi unakwenda kwenye nyutro. Mashine itazunguka vizuri tu, lakini swichi sasa inakata nyutro badala ya moto, kwa hiyo ukiizima koili bado ina umeme. Ya Ujerumani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ni mbaya zaidi: kwa mpangilio wao wa wakati ule, waya mwekundu ulikuwa wa ethi. Ukiupeleka mwekundu kwenye moto, bodi yote ya chuma inakuwa na volti 230, na anayeshika swichi ndiye anayeifunga sakiti kwenda ardhini. Kwa sababu hiyo hatusomi rangi. Tunafungua kifuniko cha chini, tunafuata kila waya hadi mwisho wake kwa multimita, kisha tunafunga waya mpya wa kahawia, bluu na kijani chenye mstari wa njano. Waya wa zamani wa mpira na pamba hautufai hata ukiwa unaonekana mzima. Ukunje mara moja tu uone ngozi yake inavyokatika.

Kibao cha maelezo ubavuni mwa mashine usikisugue kwa msasa. Kikiwa kimefifia, paka chaki juu yake kisha futa kwa kitambaa kikavu. Chaki hubaki kwenye herufi zilizochongwa. Tunatafuta volti, hezi, fezi na mizunguko. Kikisema volti 115, hiyo haiingii kwenye soketi ya hapa bila transfoma, na kwa mota ya nusu hospawa hatushauri transfoma chini ya kVA 2, kwa sababu inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya inavyovuta ikiwa mbioni. Mota ya hezi 60 kwenye umeme wetu wa hezi 50 itazunguka kama mara 2,850 hadi 2,900 kwa dakika badala ya 3,450, na itapata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Kwa kunoa patasi kwa dakika chache haina neno. Kwa kazi ya kutwa, tutakuambia wazi kwamba haikufai.

Ikiwa ni ya fezi tatu na kwako una fezi moja, inveta (kifaa kinachotoa fezi tatu kutoka fezi moja) inaweza kuiendesha, mradi koili ziweze kufungwa kwa delta, yaani kwa pembetatu, ya volti 230. Mashine nyingi za Uingereza zimefungwa kwa nyota, yaani ncha tatu za koili zimeunganishwa pamoja, ndani kwa ndani na zinatoa nyaya tatu tu, hivyo inabidi kuifukua ile sehemu zinapokutana. Ni kazi ya saa kadhaa na ina hatari ya kukata waya wa koili, kwa hiyo tunaifanya kwa makubaliano.

Kisha unyevu. Kigoma tuko kando ya ziwa, na mvua zetu ni za miezi mingi. Koili iliyokaa stoo isiyo na hewa imekunywa maji hata kama ukiitazama unaona kavu. Tunapima insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja) kati ya koili na bodi kwa mega, kipimo cha insulesheni, ya volti 500. Chini ya megaohmu 1, haiwashwi. Hapo wateja wengi huambiwa na mafundi kwamba mota imeungua na inatakiwa kusukwa upya kwa waya mpya, wakati mara nyingi inahitaji kukaushwa tu. Tunavua vifuniko vya pembeni, tunaiweka ndani ya sanduku pamoja na balbu ya wati 60 ya aina ya zamani yenye waya unaowaka, na tunaiacha siku moja hadi mbili. Usishangae ukipima baada ya saa chache na kukuta kipimo kimeshuka kuliko mwanzo: joto linausambaza unyevu kabla ya kuutoa. Kikianza kupanda na kuendelea kupanda, koili ni nzima. Kikibaki pale pale chini baada ya siku mbili, na vanishi ina harufu ya kuungua, hapo ndipo tunazungumza habari ya kusuka.

Mota inayonguruma bila kuzunguka, lakini ukilisukuma jiwe kwa kijiti inaondoka, tatizo lake liko upande wa kuanzia: kapasita, koili ya kuanzia, au swichi ya ndani inayofanya kazi kwa mzunguko. Swichi hiyo hukata koili ya kuanzia mashine inapofika karibu robo tatu ya kasi yake. Sikiliza: inapopanda kasi unasikia "tki", na inaposhuka baada ya kuzimwa unasikia "tki" nyingine. Usipoisikia, zima haraka, kwani koili ya kuanzia haikutengenezwa kubaki na umeme na itaungua mapema sana. Mara nyingi ni vumbi la jiwe na grisi iliyoganda kwenye springi zake, au pointi zilizoshikana. Tunasafisha kwa petroli na msasa laini wa namba 400. Kapasita inayobaki kazini muda wote ikiwa imeandikwa mikrofaradi 16 na ikasoma 9, tunaibadilisha kwa nyingine ya 16 yenye volti 400 au 450. Zile za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta yenye sumu. Ukiona imevuja, usiishike kwa mkono mtupu.

Kufungua nako kuna mitego yake. Nati ya jiwe la kushoto ina uzi wa kushoto: inafunguka kwa kuizungusha upande unaokwenda mshale wa saa. Imewekwa hivyo ili mashine inapozunguka isijifungue. Wengi huikaza kwa bomba refu wakidhani wanaifungua, mpaka shafti inakatika uzi, na shafti hiyo hupati dukani. Kwenye mashine za Uingereza vichwa vya bolti mara nyingi ni vya Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Spana yenye alama 1/4W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi, kwa hiyo spana yako ya 13 haiingii na ya 14 inakula kona. Kabla ya kuvua vifuniko vya pembeni tunapiga alama ya senta panchi kwenye kifuniko na bodi, nukta moja upande mmoja na mbili upande wa pili, ili kila kimoja kirudi mahali pake.

Beringi tunabadilisha zote mbili hata kama moja tu inalia. Zinazokutwa sana ni 6202, 6203 na 6204, na kwa kazi ya vumbi tunachagua zenye mpira pande zote, yaani zenye alama 2RS. Tunapoziingiza kwenye shafti tunagonga kwa bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani pekee. Ukigonga ya nje, gololi zinaacha vidonda kwenye njia yake, na beringi mpya italia siku hiyo hiyo. Nyuma ya beringi moja kuna washa nyembamba yenye mawimbi. Ni kitu kidogo, hubaki kimegandia ndani ya kifuniko na grisi nyeusi, na huishia kwenye kitambaa cha kufutia. Bila washa hiyo rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota, inacheza mbele na nyuma na mashine inapiga mluzi ambao hakuna grisi itakayouponya. Bolti ndefu za vifuniko tunazikaza kidogo kidogo kwa kupishana, huku tukizungusha shafti kwa vidole. Ikianza kuwa nzito, kifuniko kimekaa upande.

Jiwe

Jiwe la inchi 8 kwa mizunguko 2,850, ukingo wake unakimbia karibu mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Likipasuka, vipande vinaondoka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo jiwe tusilolijua tunalivua na kulipima: linaning'inizwa kwa kidole au kijiti tunduni, kisha linagongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, sentimita 3 hadi 5 kutoka ukingoni, pembeni kidogo ya mstari wa katikati. Jiwe zima hulia kama kikombe cha udongo kilicho kizima. Lenye ufa hutoa sauti butu. Lililolowa mafuta au maji kwa miaka tunalikataa hata likilia vizuri, kwa sababu limekuwa zito upande mmoja.

Jiwe jipya lazima liwe na kasi iliyoandikwa isiyo chini ya kasi ya mashine, na tundu linalolingana na shafti. Shafti za zamani ni nusu inchi, tano ya nane au robo tatu. Tundu likiwa kubwa tunatumia bushi. Hatuzungushii bati la kopo wala karatasi, na tundu likiwa dogo hatulichongi. Kila upande kunakaa karatasi yake laini isiyozidi nusu milimita, halafu flanji mbili (sahani za chuma zinazolibana jiwe) za kipenyo kimoja, kisicho chini ya theluthi ya kipenyo cha jiwe. Nati inakazwa kiasi cha kushika. Mashine inawashwa ikiwa na kava zake, sote tumesimama pembeni, kwa dakika nzima. Baada ya hapo jiwe linanyooshwa kwa dresa (kifaa cha kusawazisha uso wa jiwe), na kiegemeo cha kuwekea kazi kinasogezwa mpaka kibaki milimita 3 kutoka kwenye jiwe. Nafasi ikiwa kubwa, ncha ya chuma huvutwa ndani na vidole hufuata.

Grinda isiyo na kava hatuirudishi hivyo. Tunachomelea kava ya bamba la chuma, si bati la kuezekea.

Kuhusu rangi: kama unaitaka kwa ukumbusho, tunakushauri uiache ya zamani. Tunaisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, tunaipaka nta, basi. Ukitaka ipakwe upya, tunaitoa ya zamani ikiwa imeloweshwa, kamwe si kwa msasa mkavu, kwa kuwa rangi za miaka hiyo nyingi zina risasi. Vipande vidogo vyenye kutu vinalala kwenye siki usiku mmoja, vinasuuzwa kwa maji ya magadi ili kuua asidi, vinakaushwa na kupakwa mafuta hapo hapo. Bodi iliyopasuka pale inapokaa beringi hatuipokei.

Unapokuja, leta kila kipande ulichokivua, hata nati iliyokatika, na utuambie unanoa nini. Mapanga na majembe yanahitaji jiwe la namba 36, biti za drili 60, patasi za seremala jiwe jeupe la 80 au 100 lisilochoma chuma haraka. Alumini na shaba usizipeleke kwenye jiwe la kunolea chuma. Zinaziba vinyweleo vyake na jiwe linaanza kuchoma badala ya kukata. Vipuri tulivyobadilisha utarudishiwa mfukoni uvione. Jiwe tulilolikataa tutalivunja mbele yako, lisije likaokotwa jalalani na kufungwa kwenye mashine nyingine.