Dau lipande, abiria asikokotwe

Mhariri,

Juzi kwenye kaunta ya uwanja wa ndege nilimsikia mama mmoja akiambiwa ndege imejaa, na tiketi ameishika mkononi. "Sasa mlichoniuzia ni nini?" akauliza. Binti wa kaunta akainamia kompyuta yake, kimya.

Nikakumbuka ya Chicago, Aprili 9, 2017. Abiria wa ndege ya United Express ya Marekani waendao mji wa Louisville walikuwa wameshaketi ndipo kampuni ikataka viti vinne vya wafanyakazi wake. Dau la kumlipa atakayeachia kiti kwa hiari likafika dola 800, hakuna aliyeinuka. Yakachaguliwa majina ya wa kushushwa. Daktari wa miaka 69 akagoma, akisema ana wagonjwa wanamngoja kesho yake. Maofisa usalama wa uwanja wakamkokota katikati ya viti, miwani imeshuka, mdomo unavuja damu. Alivunjika pua, na meno mawili yakang'oka.

Mwezi haujaisha, United ikatangaza kuwa anayekubali kushuka anaweza kulipwa hadi dola 10,000. Kumbe fedha zilikuwepo! Mwaka 2021 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kumshusha abiria aliyekwishapanda kisa tu viti vimeuzwa kupita kiasi.

Sigombi na uuzaji wa viti vya ziada. Wapo abiria wasiotokea, na kiti kitupu ni hasara. Ila dau lipandishwe mpaka mtu aridhike mwenyewe. Hata kondakta wa daladala hubembeleza.

Yule mama alipewa kuponi ya soda na sambusa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam