Dadu tatu za gulioni

Mhariri,

Alhamisi iliyopita mwanangu wa kidato cha nne alirudi kutoka gulioni bila sukari wala chenji. Ameliwa kwenye dadu. Mchezo wenyewe mnaujua: unachagua namba, unaweka mia tano, jamaa anatikisa dadu tatu kikombeni. Namba yako ikitokea, hata kwenye dadu moja tu, unapewa mia tano yako na nyingine juu. Isipotokea, imekwenda.

Sikumgombeza. Nilimuuliza alipigaje hesabu. "Mama, kila dadu ina nafasi moja kati ya sita. Zikiwa tatu, ni tatu kwa sita, yaani nusu." Haya, nikamwambia, basi dadu sita ni uhakika? Akanyamaza. Ludo anacheza, anajua mtu anavyoweza kurusha mara kumi akiitafuta sita asiione.

Usiku tukaazima dadu za ludo kwa majirani, tukatandika kanga kuukuu kwenye meza ya cherehani zisikimbie, tukachagua nne. Yeye anarusha, mimi napiga mistari kwa chaki ya kukatia nguo. Mara 200. Nne ikatokea mara 81. Na mrushaji ni yeye mwenyewe, hana wa kumsingizia.

Ndipo tukahesabu. Dadu tatu zina njia 6 × 6 × 6 za kuanguka, yaani 216. Kuhesabu za kupata kunachosha, maana nne inaweza kuja moja, mbili au zote tatu. Tukahesabu za kukosa: kila dadu ina nyuso tano zisizo nne, na 5 × 5 × 5 ni 125. Za kupata zinabaki 91. Kwa dau la mia tano, mwenye kikombe anaingiza wastani wa shilingi 79 kila akitikisa, wala hahitaji dadu za wizi.

Kinachoniudhi ni kwamba mada ya uwezekano mtoto huyu kaimaliza, kanuni anazo kichwani. Kila swali ni la kutoa mpira mwekundu mfukoni. Mfuko gani? Hajauona, wala hajarusha chochote darasani. Nanyi ukurasa wenu wa wanafunzi huchapa maswali yaleyale. Chapeni hata moja la kurusha: akadirie kwanza, arushe mara mia mbili, aandike, ndipo ahesabu.

Wangu sasa anauliza: je, jamaa akilipa mara mbili namba ikija kwenye dadu mbili, na mara tatu ikija kwenye zote? Tumehesabu, bado unaliwa. Hajaridhika, anataka turushe.

Mama fundi cherehani,
Muheza, Tanga