Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Kuruti wa polisi anafundishwa sheria kwa saa ngapi?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAFUNZO YA SHERIA KWA ASKARI WAPYA KABLA YA KUPANGIWA VITUO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili ofisi yako, nikitambua kwamba una mengi mezani, na nikitambua pia kwamba malalamiko niliyoyapeleka kwa njia ya kawaida yalipokelewa vizuri, yakagongwa muhuri, na tangu hapo yamepumzika. Nimeona basi nikuandikie mbele ya wananchi wenzangu, kwa kuwa jambo lenyewe si langu peke yangu.

Mimi ni fundi simu. Hivi karibuni askari wawili walifika kwenye banda langu wakitafuta simu ya wizi, ambayo kwa maelezo yao ililetwa kwangu kubadilishwa kioo. Kuitafuta simu ya wizi kwa fundi simu ni jambo la busara na sina kinyongo nalo hata kidogo. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimekwenda kununua vipuri, na waliyemkuta ni mke wangu, ambaye kazi ya ufundi haijui kabisa. Walikusanya simu zote zilizokuwa mezani, za wateja na zangu, wakazitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha wakamwambia mke wangu apande gari kwa sababu atakaa kituoni mpaka mume wake ajisalimishe.

Nilipofika kituoni nilimkuta kaunta askari kijana, mgeni kabisa kazini, sare yake bado ina mikunjo ya stoo. Alikuwa na adabu, na naomba hilo lieleweke mapema, kwa maana siandiki barua hii kulalamikia ujeuri. Nilimuuliza mke wangu anatuhumiwa kwa kosa gani. Akanijibu kwamba hana kosa, anamsubiri mtuhumiwa. Nikamwambia kwamba kama mtuhumiwa ni mimi, basi nimefika. Akafikiri kidogo, kisha akasema tusubiri wote wawili mpaka mpelelezi arudi. Nikauliza kuhusu hati ya upekuzi, nikaulizwa kama mimi ni wakili. Nikaomba stakabadhi ya simu zilizochukuliwa, akaniambia, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kunisaidia, kwamba risiti hutolewa dukani.

Aliyetuokoa ni sajenti mmoja wa makamo aliyetoka chumba cha nyuma na kuyasikia mazungumzo yetu. Alimvuta kijana pembeni, wakanong'ona, na mke wangu akaruhusiwa kuondoka saa hiyo hiyo. Mimi nilibaki kuandikwa maelezo, ambayo niliagizwa kuyasaini kwanza halafu ndipo nisomewe, na nikatoka kwa dhamana usiku. Simu bado ziko kituoni. Wateja waliokuwa wakiniita fundi sasa wananiita tapeli, mmoja ameniletea mjumbe wa nyumba kumi, na mezani kwangu hakuna hata karatasi moja ya kuwaonyesha kwamba mali yao ilichukuliwa na polisi na siyo na mimi.

Sasa, Mheshimiwa Waziri, naomba tuiangalie sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilitungwa mwaka 1985, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni ngeni. Inamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa sababu ya kukamatwa kwake. Inaeleza nani anaweza kuidhinisha upekuzi, na inataka anayechukua mali atoe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye eneo lililopekuliwa au anayelikalia, na ya mashahidi kama wapo. Inaweka muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi kuwa saa nne, na inaeleza utaratibu wa kuuongeza. Katiba yetu, ibara ya 15, inasema mtu hatanyang'anywa uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Nimetafuta kwa bidii utaratibu wa kumweka mke mahabusu kwa niaba ya mume, na sijauona. Pengine upo kwenye toleo ambalo sisi wananchi hatujaletewa.

Najua jibu linalotolewa kila mara: kwamba ni askari wachache wanaochafua jina la Jeshi. Jibu hilo halinifai, kwa sababu yule kijana hakuwa mchafu. Angekuwa mla rushwa angeniomba hela, na mimi na mke wangu tungerudi nyumbani mapema zaidi. Alichokuwa nacho ni kutojua tu, na kutojua kwake hakukumpa wasiwasi wowote, jambo ambalo kwangu linatisha kuliko ubaya. Mtu mbaya hujificha anapovunja sheria. Huyu aliivunja mchana, kaunta, mbele ya watu, akiamini anafanya kazi aliyotumwa.

Kila gwaride la kufunga mafunzo linapoonyeshwa kwenye runinga kutoka Shule ya Polisi Moshi, tunaona jinsi vijana wale walivyoiva kwa kwata. Hakuna mguu unaochelewa. Hilo halikuja kwa kuambiwa mara moja darasani. Limekuja kwa kurudia alfajiri baada ya alfajiri, huku mkufunzi akimsahihisha kila anayekosea mpaka mwili wenyewe ukajua. Nakisia kwamba sheria haifundishwi hivyo. Nakisia kwamba hufundishwa kwa kusikiliza na kunakili, katika saa ambazo kuruti amechoka na macho yanafumba, kisha kunakuja mtihani wa kuandika, na akishafaulu basi. Kuruti anaweza kuandika vizuri maana ya upekuzi na asiwe amewahi, hata mara moja, kuijaza stakabadhi ya mali mbele ya mkufunzi anayejifanya mwenye nyumba mkorofi. Mimi mwenyewe simkabidhi mwanafunzi wangu simu ya mteja mpaka nimwone amefungua na kufunga mbovu za kujifunzia, na ninachohofia mimi ni kioo tu kupasuka.

Akishafika kituoni, kijana hujifunza kwa aliowakuta. Akiwakuta wanaojua, atajua. Akiwakuta wanaokamata ndugu badala ya mtuhumiwa, atadhani ndivyo sheria ilivyo, na baada ya miaka michache atakuwa yeye ndiye anayewaelekeza wapya. Nilimuuliza yule sajenti, wakati ananisindikiza nje, alijifunza wapi haya mambo. Akacheka, akasema alijifunza kizimbani, kwa kuulizwa maswali na mawakili huku hakimu akimtazama. Nilimshukuru sana, lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza ni watu wangapi walikaa kwenye benchi lile wakati yeye bado anajifunza, na ni wezi wangapi wa kweli waliachiwa kwa sababu kielelezo kilichukuliwa bila kufuata utaratibu na mahakama ikakikataa. Maana hasara hii si ya watuhumiwa peke yao. Mwenye simu iliyoibwa naye amekula hasara, kwani hata kama simu yake ilikuwa kwenye ule mfuko, hakuna karatasi inayothibitisha ilitoka wapi.

Mheshimiwa Waziri, ahadi hatujapungukiwa. Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, ikiwa na mapendekezo ya mageuzi makubwa ndani ya Jeshi la Polisi, nasi tukaambiwa yatafanyiwa kazi. Kabla ya hapo, mwaka 2021, sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, nikidhani kwamba sasa kijana wa kidato cha nne atakayeingia depo ataisoma sheria kwa lugha anayoiota usiku. Tumeshapewa tume, ripoti na lugha. Kilichobaki ni kuruti kukaa chini akafundishwa.

Ningeweza kuomba mengi. Ningeomba askari mpya asiruhusiwe kukamata wala kupekua peke yake mpaka apimwe kwa vitendo, si kwa karatasi. Ningeomba wanaopanga zamu wasiwaache wapya wawili pamoja bila mzoefu. Ningeomba pia simu za wateja wangu, ingawa najua hilo lina ngazi zake na wewe si mtunza vielelezo wa kituo. Lakini nimezoea kwamba anayeomba mengi hupewa semina, kwa hiyo naomba moja tu.

Tuambie kuruti wa Jeshi la Polisi anafundishwa sheria kwa saa ngapi kabla ya kupangiwa kituo. Sihitaji sentensi kwamba mafunzo yanazingatia weledi, haki za binadamu na utawala bora, hiyo tumeisikia. Naomba namba: saa za sheria ya ukamataji, saa za upekuzi, saa za mahojiano na dhamana, na kando yake saa za kwata, ili tuzilinganishe. Hiyo si siri ya ulinzi wa nchi, maana adui hatapata faida yoyote kwa kujua kwamba askari wetu anaijua stakabadhi. Zikiwa nyingi, tutajua tatizo liko kwingine na tutalitafuta huko. Zikiwa chache, ziongezwe kabla kundi lijalo halijapelekwa vituoni, na siyo baada ya tume nyingine.

Ni saa ngapi, Mheshimiwa Waziri?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi simu, mtuhumiwa aliye nje kwa dhamana