Vua Kofia Kwanza

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei tangu siku ile nilipokusahihisha wodini, basi nakuandikia hapa, wasome na wengine.

Ile kofia ya sufu ya yule njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, bado naiona. Ulizungusha utepe wa kupima kichwa juu yake, ukaandika sentimita 33. Wiki iliyofuata kichwa kikiwa wazi ukapata 33 tena, ukamwambia mama wa watu hakijakua, eti mtoto kachukua kichwa cha babu yake. Sufu ya unene wa milimita 3 huongeza karibu sentimita 2 kwenye mzunguko! Njiti hupaswa kuongeza kama sentimita 1 kwa wiki. Huyu alikuwa ameongeza 2, huenda maji yanajaa kichwani, na kofia ndiyo iliyoficha.

Mikono yako naijua, mtoto akilia kwako hutulia. Ndiyo maana iliniuma. Utepe usiovutika, juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi kisogo kinapochomoza. Pima mara 3, chukua kipimo kikubwa. Utosi uushike akiwa ametulia, umemkalisha wima, maana akilia kila utosi huvimba.

Tena kwa aliyezaliwa kabla ya wiki 32, utepe huchelewa. Damu huvuja ubongoni zaidi siku 3 za mwanzo, vyumba vya maji ndani ya ubongo hutanuka wiki zinazofuata, na ubongo wake laini huyapisha maji kabla fuvu halijasukumwa. Omba altrasaundi ya utosini siku ya 7 hata kichwa kikiwa kizuri, na irudiwe. Proba, kile kifaa cha altrasaundi kinachowekwa utosini, ikiinama upande, chumba kimoja kitaonekana kikubwa bure. Upana wa pembe ya mbele ya chumba ukipita milimita 6, ita daktari bingwa. Pembe za nyuma nazo zitazamwe, mara nyingi ndizo hutangulia. Ila vyumba vikiwa vikubwa na kichwa hakikui, huenda ni ubongo ulionywea, si maji yanayosukuma. Kwa hiyo utepe na picha havitengani.

Unasema nilikuaibisha mbele ya mama yule. Ulikuwa umeshafunga faili! Ningengoja mpaka maji yasukume, macho ya mtoto yaelekee chini, weupe uonekane juu ya mboni?

Kadi yake bado inasoma 33 na 33. Usiifute. Ile ya kwanza ipitishie mstari mmoja, uandike pembeni: alipimwa akiwa amevaa kofia. Kisha utie sahihi yako.